Ovaroli Haiwashi Injini

Ovaroli haiwashi injini. Mmeisikia leo gatini, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Basi kaeni niwaeleze, maana aliyeitamka mara ya kwanza hakuwa na kicheko.

Kando ya Ziwa Tanganyika palikuwa na kijiji kiitwacho Kabweluzi. Barabara haikufika huko. Mgonjwa wa kwenda hospitali alipita majini, kwa boti moja tu ya kijiji. Msimamizi wake alikuwa Leokadia, mwanamke wa maneno machache. Injini ilipoanza kukohoa, alikwenda mjini kutafuta fundi.

Huko alikutana na mwanamume aitwaye Erenesti, amevaa ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi, bisibisi tatu zimepangwa kifuani kama kalamu za mwalimu.

"Injini za boti? Hizo ndizo chakula changu," alisema.

Leokadia hakuuliza la pili. Aliitazama ile ovaroli, moyo ukatulia, akaondoka naye hadi Kabweluzi.

Siku mbili Erenesti alifungua, akasafisha, akafunga. Injini ikanguruma, wanawake wakapiga vigelegele.

Siku ya tatu asubuhi, Sikudhani, mdogo wake Leokadia, akashikwa na uchungu wa uzazi. Wakampakia botini pamoja na mkunga, na Erenesti naye akapanda kurudi kwao. Katikati ya ghuba injini ikafuka moshi, ikapiga ukelele kama mbuzi anayechinjwa, ikazima.

"Fundi, iwashe," Leokadia alisema.

Erenesti hakusogea.

"Fundi! Huyu humwoni?"

Akatia mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakikunjua taratibu. Ndani mlikuwa na skrubu nne na kipande cha mpira chenye mapezi kama ua.

"Hivi vilibaki, dada. Sikujua vinakaa wapi."

"Vilibaki? Nawe ukanyamaza?"

"Mimi si fundi. Nilikuwa mlinzi wa geti la gereji. Ovaroli walinipa huko."

Hakuna aliyemtukana. Hata Sikudhani aliacha kulia kwa kitambo, akamkodolea macho mtu yule kana kwamba amevua uso wake mbele yao.

Leokadia ndiye aliyezinduka kwanza. Aling'oa ubao wa kukalia, akamtupia Erenesti. "Piga kasia!" Yeye akashika kasia lenyewe. Nchi kavu ilikuwa bado mbali mtoto alipozaliwa, kimya, wa buluu. Mkunga akampulizia pumzi, akamsugua mgongo, akampulizia tena, hata mtoto akalia. Sikudhani alifikishwa hospitali damu imemwishia, lakini madaktari wakamwahi.

Leokadia alitoka pale viganja vimechubuka, akaenda kwa manahodha, boti baada ya boti. Alimuuliza kila mmoja, "Injini yako aliitengeneza nani, na imetembea muda gani tangu siku hiyo?" Watatu walimtaja mtu mmoja, Bi Mwajuma. Akamkuta mama mnene mwenye kitenge kilichopauka. Bi Mwajuma alikigeuza kile kipande cha mpira, akashtuka.

"Hiki ndicho kinachopandisha maji ya kuipoza injini. Mwanangu, mlikuwa mnaipika!"

Leokadia akarudi naye Kabweluzi, na injini ikapona.

Wazee wakamuuliza Leokadia, "Mtu makini kama wewe, ulidanganyikaje?"

"Niliikagua nguo, mtu sikumkagua," akasema. "Wazee wangu, ovaroli haiwashi injini."