Sheria ya Chepechepe Ilivyovuka Vilima

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na mkubwa.
Apishwe!
Pakawa na mdogo.
Apite!

Basi mpisheni apite, maana leo namsimulia wa kwetu, na nikimsimulia wa kwetu mimi kifua hunijaa.

Hapo kale nchi za wanyama zilipakana kilima kwa kilima, na kila nchi na sheria yake. Nchi yetu ilikuwa Chepechepe. Ndogo! Ukipiga chafya huku, ng'ambo wanakuambia pole. Lakini ilikuwa na chemchemi, na chemchemi ilikuwa na sheria: mdogo anywe kwanza, mkubwa anywe mwisho. Panya akinywa, maji hayatibuki. Kobe akinywa, maji hayatibuki. Mwisho anakuja Pongo na kwato zake. Akitibua, ametibua, wenzake wameshakunywa. Aliyeitunga sheria hiyo ni Bi Nguchiro, mwenye mkia mrefu na ulimi mrefu zaidi.

Nyuma ya kilima ilikuwa nchi ya Kiboko. Huko sheria ilikuwa mkubwa kwanza. Kiboko akiamka, chubwi! Anakunywa humo, anaoga humo, analala humo, anafanya na mengine ambayo siwezi kuyataja mbele ya wakwe zangu. Akitoka, wadogo wanakuta tope. Wakilia kiu anawaambia, "Sheria ni sheria."

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Maji ya Kiboko yakapungua, na yaliyobaki akayakoroga yakawa uji. Akasikia Chepechepe kuna maji. Akafunga safari, ti! ti! ti! Ardhi ikatikisika.

Mzee Kobe akaingiwa na hofu. "Bi Nguchiro, tumekwisha! Huyu akiingia chemchemini mara moja tu, wajukuu zangu watalamba udongo. Tukimbie!"

"Tukimbilie wapi na ukame huu? Pigeni vigelegele."

"Vigelegele? Kwa mwizi?"

"Pigeni tu, mzee wangu."

Kiboko akatokeza, domo wazi, tayari kunguruma. Akapokewa na vigelegele, li-li-li-li! "Karibu, mgeni rasmi! Karibu, Mheshimiwa!"

Mnajua wenyewe, mtu akishaitwa mgeni rasmi, hata kama alikuja kuiba, atakaa. Kiboko akakaa mbele, kivulini, tumbo limemwagika pande zote. Akavishwa shada la maua. Akalila.

Wadogo wakaanza kupita. Panya akanywa. Kindi akanywa. Kobe akanywa, macho kwa Kiboko.

"Na mimi je?" Kiboko akafoka. "Nina kiu!"

"Mheshimiwa," akasema Bi Nguchiro, "kwenye shughuli, mgeni rasmi huzungumza lini?"

"Mwisho."

"Kwa nini mwisho?"

"Kwa sababu ndiye mkubwa."

"Basi na kunywa kwetu ni vivyo hivyo. Wa mwanzo ni watangulizi tu. Anayefunga ndiye mkubwa." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Hata mwenzio Nyati ametuma wajumbe wake hapa. Wameisoma sheria yetu, wameondoka nayo. Kesho anaitangaza kwake."

Kiboko macho yakamtoka pima. "Nyati? Yule mtafuna nyasi kavu? Anitangulie mimi?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikasema, kwani Bwana Kiboko yuko wapi?"

"Kiboko yuko hapa! Na anatangaza leo!"

Akaletewa maji kwenye kibuyu, maana mgeni rasmi hainami. Gu! gu! gu! Akayamaliza, akageuka, ti! ti! ti! akarudi kwake mbio. Chemchemini hakutia hata ncha ya mguu.

Kobe akashusha pumzi. "Lakini Nyati hajatuma mtu."

"Atatuma," akasema Bi Nguchiro, na chapu chapu akakata njia ya mkato hadi kwa Nyati. "Bwana Nyati, pole. Kiboko leo anatangaza sheria ya wakubwa kunywa mwisho. Nyie bado?"

Nyati akapiga kwato. "Bado? Nani kasema bado? Tulikuwa tunaijadili!"

Jioni ile ile akaitangaza. Twiga akasikia kwa Nyati, naye akaitangaza. Tembo akasikia kwa Twiga, naye akaitangaza. Hakuna aliyeuliza, ni njema? Kila mmoja aliuliza, jirani anayo? Kwa Tembo walidhani hata shada ni sehemu ya sheria, na Tembo akawa hanywi mpaka ale maua kwanza.

Hivyo ndivyo sheria ya Chepechepe, nchi ya kupigia chafya, ilivyotawala vilima vyote. Semeni mtakavyo, mimi najivuna.

Siku moja Bi Nguchiro na Kobe wakapita kwa Kiboko. Wakamkuta ukingoni anahutubia. "Sheria hii niliiwaza mwenyewe! Nchi zote zimeniiga!" Akawaona. "Nyie wa Chepechepe, kwenu mna sheria gani?"

Kobe akavimba hadi gamba likambana. "Mwambie!" akanong'ona. "Mwambie ni yetu!"

Ulimi mrefu wa Bi Nguchiro ukawasha. Akautazama umati wa wadogo waliokuwa wanakunywa bila hofu. Akatazama maji, maangavu mpaka kokoto za chini zinaonekana.

"Hatuna kitu, Mheshimiwa," akasema. "Tumekuja kujifunza."

"Basi jifunzeni! Kunyweni, nami nitafunga."

Wakanywa, wakashiba.

Na fundisho? Mkimuuliza Kiboko, wanangu, atawaambia ni hili: mdogo hana la kumfundisha mkubwa, na sheria ya jirani haifai kuigwa.

Ngano yangu naitua hapa. Aliyeipenda aivushe kilima, na akiulizwa kaitoa wapi, aseme kaitunga mwenyewe.