Siku Bi Hadiya Alipofagia Gereji

Ufagio wa haraka hufagia hata haki. Mmeisikia asubuhi hii kwa Mama Semboja, alipowanyang'anya mafagio mlipokimbilia kuzoa matofali ya ukuta wake uliogongwa na lori. Sasa mmenijia mmenuna, mnaniuliza yule mama ana ugomvi gani na usafi. Hana ugomvi wowote. Kaeni chini, na wewe uliye mlangoni ingia au toka, usinizibie mwanga. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Muheza, wala haikuanzia msikitini au shuleni. Ilianzia gereji.

Alikuwapo mkunga mmoja aitwaye Bi Hadiya. Nusu ya watu mnaowaona sokoni leo wamepita mikononi mwake, na wengine aliwapiga kofi la kwanza maishani mwao, ndiyo maana mpaka leo wakitajiwa jina lake wanakaa vizuri. Alipostaafu alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mikono yake, na gari lake. Gari lenyewe ni Pijo 404 rangi ya maziwa, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa la zamani hata kwa wakati ule. Vyuma vyake vyote vilikuwa vile vile lilivyotoka navyo kiwandani, na viti vyake vilinukia ngozi. Hakuna bibi harusi wa Muheza aliyekubali kupelekwa kwa mumewe na gari jingine. Bi Hadiya mwenyewe ndiye aliyeendesha, polepole, kidevu juu, kama vile anayeolewa ni yeye.

Tena gari lile alilikatia bima kubwa. Watu walimcheka. Walimwambia bima kubwa ni ya magari mapya, wewe unalipia bima kigogo ambacho hata karani wa bima hakuwa amezaliwa kilipoundwa. Yeye aliwajibu kwamba gari jipya likiumia linanunuliwa jingine, lakini hili likiumia, wa kulitafutia kiungo ni nani? Aliona mbali, hilo lazima tumpe. Shida yake ilikuwa ya karibu.

Fundi wake alikuwa Mihambo, Mnyamwezi, mwenye gereji nyuma ya vibanda vya machungwa. Walikuwa watani. Kila akipeleka gari Bi Hadiya humwambia, "Nyinyi mlikuja huku kwa miguu na pembe za ndovu za watu mabegani. Magari mmeyajulia wapi?" Na Mihambo humjibu, "Mama, bila sisi mngekuwa bado mnakula machungwa na maganda yake." Wakishacheka, kazi inaanza.

Basi mwaka huo, masika yakiwa yamekolea, Bi Hadiya alimpelekea Mihambo gari atazame breki. Ardhi ilikuwa imelewa maji. Mihambo akalipandisha gari kwa jeki, akafungua gurudumu la mbele la kushoto, na hakuweka ubao chini ya jeki wala jiwe nyuma ya magurudumu. Ni uzembe, na mwenyewe hakuwahi kuuita jina jingine. Jeki ikazama upande mmoja, gari likateleza, likaangukia nguzo ya chuma iliyokuwa pale. Madigadi ya kushoto, lile bati la juu ya gurudumu, ikakunjika, taa ikasagika, mlango ukapinda ukabaki unaning'inia.

Mihambo alikwenda nyumbani kwa Bi Hadiya kwa miguu yake mwenyewe. Siku hiyo hakukuwa na utani.

"Mama, gari limeniangukia," akasema.

"Kuna mtu aliyeumia?"

"Hakuna. Ni gari tu."

Bi Hadiya akavaa baibui, akapanda basi kwenda Tanga mjini, kwenye ofisi ya bima. Pale akasikilizwa vizuri. Karani akamweleza kwamba bima yake inagusa hata ajali inayotokea gari likiwa kwa fundi, na kwamba mkaguzi atakuja Muheza siku ya Jumatano. Akamwonya neno moja tu: mpaka mkaguzi afike, msiguse kitu.

Alirudi na matumaini. Mnielewe, madigadi ya Pijo ile haikuwa ya kuokota Muheza wala Tanga. Ingebidi itafutwe mbali, labda hata ng'ambo, na pensheni ya mkunga isingefika huko. Bima ikilipa, gari linarudi kama lilivyokuwa. Isipolipa, hakuna tena. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Jumatano asubuhi akawahi gereji kabla ya mgeni. Akakuta hali ni ile ile. Gari limelala ubavu kwenye nguzo, jeki imezama nusu, vigae vya taa vimetapakaa kwenye tope, oili imemwagika, na mlango unaning'inia kama sikio la mbuzi. Moyo ukamsinyaa kwa aibu. Mtu anatoka mjini, na mkoba wake, anakuja kupokelewa na jalala? Bi Hadiya alikuwa amelelewa kwamba mgeni hakukuti hujafagia. Na ukunga ulimwongezea jingine: miaka yote ya kazi yake hakuwahi kumruhusu ndugu wa mzazi aingie chumbani damu haijafutwa. Mtoto huoneshwa akiwa ameoshwa.

"Mihambo," akaita, "nipe ufagio."

"Mama, si tumeambiwa tusiguse?"

"Kutogusa si kutofagia. Unataka mgeni akae wapi, juu ya oili?"

Mihambo akajikuna kichwa. Yeye ndiye aliyeangusha gari, na mtu mwenye kosa hana sauti ya kumkataza mwenye mali. Akampa ufagio.

Basi Bi Hadiya akafagia. Vigae vya taa akavizoa akavitupa shimoni. Tope likasawazishwa, likamwagiwa mchanga. Jeki ikang'olewa, ikaoshwa, ikatundikwa. Gari wakalirudishia gurudumu wakalisukuma hadi chini ya paa, mahali pakavu. Akaliosha kwa sabuni mpaka likang'aa lile bati lililokunjika. Na kwa kuwa mlango ulitia aibu kuutazama, akamwambia Mihambo augonge kidogo, ufunge tu, usining'inie mbele ya watu. Mihambo akaugonga kwa nyundo. Halafu mama akatandika kitambaa mezani, chai ya tangawizi na maandazi, akakaa kusubiri. Aliridhika kabisa.

Mkaguzi alifika, mtu mpole, akiitwa Bwana Nkya. Akasalimia, akakaribishwa chai, akasema atakunywa baada ya kazi. Akalizunguka gari mara moja, akalizunguka tena, kisha akauliza, "Liliangukia wapi?"

"Pale," Bi Hadiya akamwonesha.

Bwana Nkya akatazama pale. Palikuwa na mchanga msafi wenye mistari ya ufagio.

"Jeki iko wapi?"

"Ile ukutani."

"Na vioo vya taa?"

"Tumevitupa, baba. Vingekukata."

Mkaguzi akainama mlangoni, akapitisha kidole kwenye alama za nyundo. "Na hapa?"

"Hapo nimepagonga mimi," Mihambo akasema. "Asubuhi hii. Lakini gari liliangukia mikononi mwangu, bwana. Sikuweka ubao. Andika kosa ni langu."

Mtu mwingine angekaa kimya, kwa sababu ushahidi wa kosa lake ulikuwa umeshafagiwa. Mihambo hakukaa kimya, na kwa hilo aliheshimiwa mpaka kufa kwake.

"Nakuamini, fundi," mkaguzi akasema. "Na mama namwamini. Lakini mimi situmwi kuamini, natumwa kuona. Watakaosoma ofisini wataniuliza nimejuaje kama gari hili halikugongwa barabarani likaletwa hapa. Niwajibu nini? Niliona mchanga?"

Bi Hadiya akasema kwa sauti ndogo, "Nilikusafishia, mwanangu. Wewe ni mgeni."

"Najua, mama. Ningelikuta chafu, ningeandika leo leo na ungelipwa."

Baada ya hapo akakaa, akanywa ile chai, akala na andazi, kwa kuwa kukataa kungekuwa kumwongezea mama wa watu jeraha. Akaondoka. Jibu la ofisi lilipokuja lilikuwa lile lile alilolisema: hakuna malipo.

Bi Hadiya alilia, ila si mbele ya watu. Mihambo akalinyoosha gari bila kumdai chochote. Mlango ukarudi vizuri. Madigadi ikakataa, ikabidi afue bati jingine kwa mkono, alipige puti ya kusawazisha, kisha rangi. Rangi ya maziwa ile haikupatikana, ikapatikana iliyokaribia. Mbali huoni kitu. Karibu unaona kama uso wenye shavu moja la mtu mwingine.

Gari likarudi kazini. Ila tangu hapo Bi Hadiya aliwaambia wapiga picha wasimame kulia, na maharusi wapandie kulia. Siku moja alikuwa akimpeleka binti mmoja, mzaliwa wa mikono yake, na yule binti akauliza, "Bibi, kwani upande wa kushoto una nini?"

Bi Hadiya akazima gari. Akamshusha bibi harusi na shela lake, akamzungusha upande wa kushoto, akamshikisha ile madigadi.

"Hapa palikuwa na haki yangu," akamwambia. "Niliifagia mwenyewe, nikaitupa shimoni pamoja na vioo, kwa sababu nilimwonea mgeni haya. Huko unakokwenda watakufundisha kufagia, na ufagie. Lakini ukiumizwa, mwanangu, usikimbilie kupasafisha. Acha kwanza aje mtu aone."

Akampandisha garini, safari hii kwa mlango wa kushoto, wakaenda.

Bibi harusi huyo ndiye Mama Semboja. Na mtu wa bima ya lile lori anakuja kesho. Basi matofali yaacheni palepale yalipoangukia, mkipita mruke. Akija mgeni akajikwaa, mwambieni pole, na mwambieni kwamba hapa kwetu ufagio wa haraka hufagia hata haki.