Sanduku la Bi Nungu na Madoa ya Chui

Paukwa!

"Pakawa..."

Hiyo ndiyo pakawa? Hiyo pakawa ya wagonjwa! Mimi nimekaa hapa moshi wote unaniingia machoni, nawachomea mahindi, halafu mnaniitikia utadhani nimewaita mkaoge. Haya, tena. Paukwa!

"Pakawa!"

Enhe! Sasa mmeamka. Kombo, toa mkono wako hapo, hayajaiva. Nakuona.

Hapo zamani za kale, kale ya kweli, siku ambazo wanyama walikuwa wakialikana harusi na kugombania ukoko wa pilau, palikuwa na Nungunungu mmoja, mwanamke, wanyama wote wakimwita Bi Nungu. Bi Nungu alikuwa fundi wa mazingaombwe. Mnayajua mazingaombwe?

"Kupoteza vitu, Bibi!"

Kupoteza vitu mbele za watu, na watu wamekodoa macho. Basi Bi Nungu alikuwa na vifuu vyake vya nazi vitatu, alivikwangua mwenyewe mpaka vikawa laini. Anaweka korosho chini ya kifuu kimoja, anavizungusha, anavizungusha, halafu anauliza, "Korosho iko wapi?" Ukionyesha hiki, haipo. Ukionyesha kile, haipo. Kumbe ndani ya kifuu kimoja alipaka nta ya nyuki, korosho imenasa huko juu inawacheka.

"Ala!"

Ala nini? Hiyo siri nimewapa nyie tu, msiitangaze. Na Bi Nungu alikuwa na shoga yake wa chanda na pete, naye ni Bata. Bata mnene, mwoga, na mdomo wake haujui kupumzika. Akiogopa, anafumba macho. Akiogopa zaidi, anafumba macho na kusema.

Siku moja ilikuwa harusi ya Digidigi. Watu wameshiba, Bi Nungu akatoa vifuu vyake akacheza. Mzee Chui, mkubwa wa mji, akasogea mbele. Akaonyesha kifuu cha kwanza, hamna. Akaonyesha cha pili, hamna. Cha tatu, hamna! Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chui hakucheka. Akasema, "Hivyo ni vitu vidogo. Siku ya ngoma ya mavuno, hapa hapa uwanjani, nataka upoteze kitu kikubwa. Mpoteze huyo Bata. Ukishindwa, nitampoteza mimi." Akajipapasa tumbo. "Nitampotezea humu."

Bata akafumba macho. "Mimi nimeingiaje hapo?" akalia. "Mimi nilikuja kula pilau!"

Maskini Bata! Bi Nungu hakulala, wala hakula wala kunywa vizuri tangu siku hiyo. Alimpenda shoga yake. Akawa anajilaumu, "Vifuu vyangu ndivyo vilivyomponza."

Asubuhi akaenda kwa Kima. Kima alikuwa akiuza vifaa vya mazingaombwe, vimepangwa juu ya mkeka, vinang'aa. Palikuwa na sanduku jekundu, zuri, limechorwa nyota. Kima akasema, "Hili, mama, anaingia tembo anapotea. Sembuse bata!" Bi Nungu akatoa njugu zake zote za mwaka, akajitwisha sanduku mpaka nyumbani.

Akamwingiza Bata. Akafunga. Akafungua. Bata huyo kajaa tele, kafumba macho.

"Nimepotea?" akauliza Bata. "Maana mimi sioni mtu."

"Hujapotea."

"Basi nimeliwa!"

Bi Nungu akarudi kwa Kima mbio. "Sanduku lako halipotezi!" Kima akamwuliza, "Mlivuta kile kitasa cha ndani, kule nyuma?" "Tunavutaje?" "Kwa mkia." "Mkia upi?" Kima akazungusha mkia wake mrefu, akaona fahari. "Kwani yeye hana?" Bi Nungu akafikiria kile kimkia cha Bata, kifupi cha kutingishia maji tu. "Nirudishie njugu zangu." Kima akasema, "Mali ikishauzwa hairudi," na njugu alikuwa keshazitia mdomoni, mashavu yamevimba.

"Mwizi huyo!"

Si mwizi. Sanduku lilikuwa zima, ila lilitengenezwa kwa ajili ya wenye mikia. Kombo! Lile hindi la pembeni nimeliweka mimi. Likiondoka najua.

Basi Bi Nungu akasema, "Shoga, sanduku basi. Nitatundika pazia." Akachukua kanga zake mbili, akazifunga kwenye kamba baina ya miti. Bata asimame nyuma, Bi Nungu aseme maneno, Bata atoke polepole aingie kichakani, pazia lifunguliwe, hayupo. Rahisi, au siyo?

"Rahisi!"

Ndilo tatizo la kuanza jambo bila kujitazama. Bi Nungu akasema maneno yake, akageuka kama anawainamia watazamaji wa siku ya ngoma, ile miiba ya mgongoni ikanasa pazia. Anakwenda mbele, pazia linamfuata. Anarudi nyuma, pazia limemzunguka. Kamba ikakatika, paa! Bi Nungu kabaki kajifunga kanga mbili kama mwari, na Bata huyo kasimama peupe, kafumba macho.

"Nimepotea? Maana mimi sioni mtu."

Haya semeni nyie.

"Hujapotea!"

"Basi..."

"Nimeliwa!"

Mmejua kuitikia sasa, mkinukiwa na mahindi. Bi Nungu akakaa chini akalia. Akalia kweli, machozi yanamtiririka mpaka puani. Siku ya ngoma imekaribia, na kila alipomtazama Bata alimwona tumboni mwa Chui. Bata naye badala ya kubembelezwa akawa anabembeleza. "Usilie, shoga. Kwani vile vifuu ulinunua kwa nani?"

"Nilivitengeneza mwenyewe."

"Na vinapoteza?"

Bi Nungu akafuta kamasi. Akainuka.

Akavunja kitanda chake kibovu akapata mbao. Akasokota ukindu akampima Bata, urefu na upana. Bata akasema, "Subiri kwanza nile, unipime nimeshiba, maana siku hiyo nitakula kwa hofu." Akala, akapimwa. Bi Nungu akaunda sanduku lenye sakafu mbili. Ile ya juu inafunguka, Bata anajilaza chini yake, inajifunga. Ukichungulia unaona sakafu, unadhani ndiyo mwisho.

Lakini ufa wa ile sakafu ulikuwa ukionekana. Bi Nungu akakwangua masizi ya vyungu vyake vyote. Sasa masizi matupu hayashiki kwenye mbao, lazima uchanganye na kitu kinachonata. Akachanganya na ulimbo wa fenesi.

Bata akaruka. "Ulimbo! Mimi ndege, unaniletea ulimbo?"

"Utakauka, shoga."

Akapaka ndani kote, juu, chini, pembeni. Kukawa kweusi tititi, ufa huuoni, pembe huzioni. Ulimbo ukakauka kweli. Wakajaribu humo ndani ya nyumba, kivulini. Akafunga, akafungua. Sanduku tupu!

Sauti ikatoka chini. "Nimepotea?"

"Umepotea!" Bi Nungu akapiga vigelegele, akalikumbatia lile sanduku, miiba ikachoma mbao na yeye hajali. "Umepotea, shoga yangu, umepotea!"

Siku ya ngoma ikafika. Wanyama wote uwanjani, Chui kakaa mbele, kajifunga kitambaa cha kulia shingoni, kabisa kabisa. Bi Nungu alikuwa amelileta sanduku tangu alfajiri akaliweka katikati ya uwanja ili lionekane. Jua likachomoza. Jua likapanda. Jua likawa la utosi. Na ulimbo wa fenesi ukipata jua unafanyaje?

"Unayeyuka!"

"Bibi, kwani hakujaribu juani?"

Angejaribu juani, mwanangu, ningekuwa na hadithi ya kukusimulia leo? Nyamaza.

Bi Nungu akatia mkono ndani kuigusa ile sakafu. Haitikisiki. Imenata. Akaisukuma kwa siri, wapi! Mkono ukatoka mweusi. Lakini sanduku alilijua, ubao kwa ubao, na akajua papo hapo kimeharibika nini na hakitengenezeki sasa. Akaufuta mkono nyuma ya mgongo, akatabasamu.

"Mzee Chui," akasema, "kumpoteza Bata mbele yako ni kukuvunjia heshima. Nani mkubwa hapa?"

"Mimi."

"Basi mkubwa aanze kupotea, wadogo wafuate. Au unaogopa?"

Mwambie mkubwa yeyote kwamba anaogopa, uone. Chui akavua kitambaa, akajipenyeza ndani. Sanduku la bata hilo! Akajikunja, akajisokota, mkia akauingiza kwa mkono. Bi Nungu akabamiza kifuniko, akalizunguka akiimba:

"Fifia, fifia, Mzee wa madoa,
ulichokuja nacho, humo kitapotea."

Hakuwa na mpango mwingine, msidhani. Alikuwa akimwomba Mungu tu ngoma ivunjike, mvua inyeshe, chochote. Mwisho akafungua.

Chui akachomoza kichwa, akatoka mzima mzima. Bi Nungu miiba yote imemsimama. Na Bata? Bata kafumba macho, na bawa kaliweka juu yake. Hofu ikamzidi, akapiga kelele:

"Jamani! Mimi sioni mtu!"

Bi Nungu akamtazama Bata. Akamtazama Chui. Chui alikuwa mweusi tii, kutoka masikio mpaka mkiani, masizi yamemganda na ulimbo wake. Bi Nungu akasema, "Hata mimi simwoni."

"Simwoni nini?" Chui akanguruma. "Niko hapa!"

Wanyama wakatazamana. Fisi, yule yule aliyekuwa akimbebea Chui kigoda kila siku, akanyoosha shingo akaangalia juu ya kichwa chake. "Jamani, kapotea kweli. Hata mimi simwoni."

"Hata mimi!" akasema Digidigi.

"Hata sisi!"

Chui akainua mkono ajitazame. Madoa hakuna. Akainua mguu. Hakuna. Akageuka akatafuta mkia, akauona mweusi, wala si wake. "Madoa yangu!" akasema. "Ngozi yangu iko wapi?"

"Mnasikia upepo?" akauliza Fisi. "Basi kama hayupo, niseme la moyoni. Nyimbo zake za asubuhi zimenichosha masikio."

"Na harusini kwangu," akasema Digidigi, "alikula sahani ya bwana harusi, yaani yangu mimi! Nilioa na njaa."

Wakacheka. Halafu Sungura mmoja, mama mwenye watoto, akasema polepole, "Leo wanangu watalala usingizi." Hapo hakuna aliyecheka. Na Chui alisikia. Akasimama pale katikati ya watu wanaopita ubavuni mwake wakimtazama kama hayupo, akaona upweke ambao hajawahi kuuona. Akajongea kwa Bi Nungu, sauti imekuwa ndogo.

"Bi Nungu, wewe hunioni, lakini unanisikia?"

"Nasikia sauti kwa mbali."

"Nirudishe, mama. Tafadhali."

"Niape nini?" Eh, nimekosea, mahindi yananichanganya. Bi Nungu akasema, "Apa kwanza. Bata huli, watoto wake huli, wala watoto wa Sungura yule huli."

"Naapa!"

"Sauti hiyo wenzangu wameisikia?"

"Tumeisikia!"

Sasa nyie watoto wa hapa, ulimbo wa fenesi ukikushika mikononi, mama zenu wanautoaje?

"Kwa mafuta ya nazi!"

Basi Bi Nungu akaagiza kibuyu cha mafuta ya nazi, akamkalisha Chui akamsugua na dodoki. Akasugua, doa moja likatoka. "Doa limerudi!" wanyama wakapiga kelele. Akasugua, likarudi jingine. "Sikio limerudi! Mkia huo!" Kila doa Chui analibusu. Alipokwisha kurudi mzima, Fisi akamkimbilia, akainama, "Shikamoo, Mzee! Ulikuwa wapi siku nzima?"

Chui akamjibu, "Marahaba," na akamtazama sana. Akaenda zake bila kitambaa chake cha kulia.

Uwanja ukatulia. Bata bado kafumba macho, bawa usoni.

"Shoga," akauliza, "nimepotea?"

"Hujapotea."

"Basi nimeliwa?"

Bi Nungu akaliondoa lile bawa taratibu. "Fumbua macho, twende nyumbani."

Sasa mafunzo, msije mkasema Bibi kawapigisha porojo. Kitu cha mkono wako kitengeneze mwenyewe, hata kikitoka kibaya. Cha dukani kikiharibika utalia tu. Chako kikiharibika utajua kimeharibikia wapi, na pengine ule ubovu wake ndio utakaokuokoa. Na ukiwa mkubwa, jiulize watu wangesema nini kama usingekuwepo.

Hadithi yangu nimeifungia sandukuni, ufunguo anao Bata. Haya, leteni mikono, mahindi yameiva. Hili la Mwanakheri. Hili lako, Tatu. Hili la Shaame. Na hapa palikuwa na hindi la pembeni, limekwenda wapi?

"Bibi, na mimi je?"

Jamani, mnasikia upepo?

"Bibi! Mimi Kombo! Niko hapa!"

Kombo gani? Mwanakheri, wewe unamwona Kombo?

"Simwoni, Bibi."

Hata mimi. Labda lile hindi likirudi jikoni, naye ataonekana.