Kidari na Kamba ya Wageni

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitikia kwa pua? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ua, uani kuku, na kuku wana maneno!

Haya, hapo mmenifurahisha. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Nawapa uwongo wangu mtamu, na mkikuta ukweli ndani yake, mjue umeingia wenyewe, mimi sikuualika.

Palikuwa na bibi mmoja mfuga kuku, jina lake Bi Mwanakheri. Alikuwa na ua wa makuti, banda la miti, na kuku wa kila rangi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa uzee, hata hakuweza kumjua kuku kwa sura. Aliwajua kwa mguu. Mwenye kamba mguuni ni mgeni, asiye na kamba ni wa nyumbani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Bi Mwanakheri hakuwa mtu wa kubishana na wahenga.

Katika ua huo alitawala kuku jike aliyeitwa Kidari. Aliitwa hivyo kwa sababu kifua chake kilitangulia kuingia uani, mwenyewe akafuata baadaye. Jogoo alikuwepo, ndiyo, lakini kazi yake ilikuwa kuwika na kujitazama kwenye maji ya beseni. Amri zilikuwa za Kidari. Kila asubuhi Bi Mwanakheri akimwaga pumba, chwaa! Kidari hupanda juu ya kinu kibovu akauliza:

"Nani wa kwanza?"

"Wewe, Bi Kidari!"

"Halafu?"

"Sisi wenzako!"

"Halafu?"

"Sisimizi!"

"Na wageni?"

"Wageni baadaye!"

Na sisimizi wakishapita, jamani, hubaki nini? Hubaki vumbi.

Siku moja Bi Mwanakheri akarudi gulioni na kuku wawili kwenye tenga. Mmoja ni Kishingo, shingo tupu haina hata unyoya, mwoga hata wa kivuli chake. Wa pili ni Kibutu. Kibutu alikuwa mdogo, tena hakuwa na mkia, lakini alichopunjwa nyuma alifidiwa kichwani.

Bi Mwanakheri akamtia kila mmoja kitanzi mguuni, kamba zote mbili akazifunga kwenye kigingi kimoja. "Kaeni hapo mpaka mzoee nyumba," akasema. Akawawekea chenga za mchele mbele ya miguu yao, akaenda zake jikoni.

Kabla wageni hawajainama, Kidari huyo! Dwa! Dwa! Dwa! Kishingo akadonolewa kisogo. Dwa! Dwa! Dwa! Kibutu akadonolewa pale ambapo mkia ungekuwepo. Wangekimbilia wapi na kamba mguuni? Kidari akala chenga zote, akapangusa mdomo chini, akaondoka anayumba kwa shibe.

Kesho yake vivyo hivyo. Pumba chwaa, Kidari dwa dwa dwa, wageni wakala vumbi. Keshokutwa vivyo hivyo. Bi Mwanakheri akaja kuwapapasa vifua, akaguna.

"Mh! Hawa ni mifupa. Ijumaa wanakuja shemeji zangu. Kuku mwenye kamba atakayekuwa bado mfupa siku hiyo, namtia chunguni kabla hajajifia bure."

Kishingo akaanza kulia. "Dada Kibutu, tumekwisha!"

"Umeshapikwa?"

"Bado."

"Basi usijitie chumvi mwenyewe," akasema Kibutu. "Kinachotuua ni kamba. Kitanzi kimekaza, midomo yetu midogo haikiwezi. Mdomo unaokiweza hapa uani ni wa nani?"

"Wa Kidari."

"Basi Kidari atatufungua. Wewe kaa kimya, inua mguu, ringa."

"Niringe na njaa hii?"

"Wenye njaa ndio hasa wajuao kuringa. Inua mguu!"

Kidari alipokuja asubuhi, alikuta jambo la ajabu. Wale wageni wawili walikuwa wakitembea kuzunguka kigingi, pole pole, hatua moja na kujitazama mguu, hatua moja na kujitazama mguu, mithili ya maharusi. Kibutu alikuwa akiimba:

"Mtali wangu, njuga yangu ya mguuni, mwenye wivu na apasuke! Ko ko ko, apasuke!"

Kidari akasimama. "We mgeni! Unaimbia kamba?"

"Kamba?" Kibutu akacheka. "Masikini dada wa watu, hujui? Hebu nikuulize. Mbuzi wa maziwa wa Bi Mwanakheri, amefungwa au hakufungwa?"

"Amefungwa."

"Sanduku lake la kanga za harusi?"

"Limefungwa."

"Na panya je?"

"Panya nani amfunge!"

"Haya. Mtu hufunga anachokipenda. Sisi tumefika juzi tu, tumeshafungwa. Wewe uko hapa tangu uanguliwe, hata uzi hujavishwa." Akashusha sauti. "Tena chakula. Wewe chakula unakikimbilia, sisi tunaletewa mpaka miguuni. Au nasema uwongo?"

Kidari akafikiri. Kufikiri hakukuwa kazi yake, kwa hiyo ilimchukua muda, kichwa huku, kichwa kule. Kweli! Wageni huletewa mpaka miguuni! Wivu ukampanda kuanzia kucha hadi kilemba.

"Nipe huo mtali!"

"Aka! Kitu cha heshima hakitolewi ovyo. Kwanza kitanzi chenyewe kigumu. Kinataka mdomo wa nguvu, na kuku wa siku hizi..."

"Kuku wa siku hizi nini? Lete mguu!"

Dwa! Dwa! Kru! Kitanzi cha Kibutu kikalegea, mguu ukachomoka. Kidari akatumbukiza wake.

"Vuta, dada," akasema Kibutu. "Mtali ukilegea haupendezi."

Kidari akavuta kwa nguvu zake zote. Kruuu! Kitanzi kikakaza.

"Umekupendeza mno! Basi huo mmoja unakutosha, wa pili abaki nao Kishingo."

"Nani wa kwanza hapa?"

"Wewe, Bi Kidari."

"Na wa pili?"

"Mh... hapo sijui."

"Wa pili pia mimi! Lete!"

Dwa! Dwa! Kru! Cha Kishingo nacho kikatoka. Kidari akatia mguu wa pili, akavuta, kruuu! Akataka kupiga hatua ya maringo. Puu! Kifua chini, miguu nyuma. Akajaribu kudonoa vitanzi, lakini kifua kilikuwa kikubwa mno, hata miguu yake mwenyewe hakuweza kuiona.

"Sasa tulia," akasema Kibutu. "Utaletewa."

Mlango ukalia kwaa. Bi Mwanakheri akatoka na ungo wa pumba. Kru-kru-kru! Chwaa! Kuku wote wakakimbilia, na Kibutu na Kishingo miongoni mwao. Wenzake Kidari wakatazamana, wakatazama kinu. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeuliza wa kwanza nani. Basi wakala, tena kwa mara ya kwanza wakala bila kugeuka nyuma. Kishingo alikula akilia machozi ya furaha, pumba zikawa na chumvi.

Bi Mwanakheri akaenda kigingini, akainama na macho yake ya ukungu. "Kamba mbili, wageni wawili. Masikini, wamekumbatiana kwa upweke!" Akawamwagia chenga kiasi cha wageni, yaani konzi moja isiyojaa.

Kidari akafungua mdomo ale. Lo! Wenzake hao! Walikuwa wamefundishwa vizuri. Mwenye kamba ni mgeni, na mgeni baadaye. Dwa! Dwa! Dwa!

"Jamani, ni mimi! Kidari!"

"Kidari hana kamba," wakasema. Dwa! Dwa! Dwa! Wakamaliza wao, wakapita sisimizi, likabaki vumbi. Kidari akaonja vumbi la uani kwao kwa mara ya kwanza, na niseme kweli, nilipolisikia hilo mimi roho yangu ilisuuzika.

Siku zikaenda. Kibutu akajaa, Kishingo akajaa. Kile kifua mashuhuri kikapungua, kikapungua, kikawa kama mfuko uliokwisha unga. Ijumaa ikafika. Jikoni kukasikika kisu kikinolewa juu ya jiwe: sheku, sheku, sheku.

"Kibutu! Mwanangu! Mdogo wangu! Shoga yangu!" akalia Kidari. "Bibi anakuja!"

Kibutu akaja, akasimama karibu. Alikuwa na hamu ya kucheka na akacheka. Kisha akakisikia kisu, sheku, sheku, akakumbuka kilikuwa kinanolewa kwa ajili ya nani, na kicheko kikamkauka.

"Nikikufungua, nani wa kwanza?"

"Wewe!"

Kibutu akatikisa kichwa. Sheku, sheku.

"Nyinyi nyote!"

Kibutu akatikisa kichwa tena. Sheku, sheku. Kisu kikanyamaza.

"Sisimizi!" akapiga yowe Kidari. "Sisimizi wa kwanza, halafu wageni, halafu wenzangu, halafu kinu, halafu ndiyo mimi!"

"Njooni!" Kibutu akawaita wenzake. "Vitanzi hivi kavikaza mwenyewe, mdomo mmoja hauviwezi!"

Wakaja wote, wenyeji na wageni, hata jogoo akaliacha beseni. Dwa dwa dwa dwa! Safari hii waliidonoa kamba. Kruu, kikaachia cha kwanza. Kruu, kikaachia cha pili. Kidari akachomoka akajichanganya katikati ya kundi, akainamisha kichwa kama anayetafuta shilingi iliyopotea.

Bi Mwanakheri akafika na kisu chake. Akapapasa kigingi: kamba tupu. Akapapasa miguu ya kuku, mmoja mmoja, mguu baada ya mguu. Hakuna kamba. Kwake yeye sauti zao zilikuwa makelele tu, ko ko ko, lakini moyo wa kila kuku ulikuwa ukigonga du, du, du.

Akajinyoosha mgongo.

"Aa, basi. Kumbe hapa hapana mgeni tena. Wote ni wangu."

Akarudi ndani, akabandika kunde za nazi. Shemeji zake walikula wakaomba tena.

Ngano imetaga, imeshuka kiotani, mwenye kuokota na aokote. Ama funzo lake ni hili, mlishike sana: mgeni mwema hatumii ujanja. Hutulia kwenye kamba yake, akanyamaza, akangoja hisani ya wenyeji. Mimi nilipata kumjua kuku mmoja aliyefanya hivyo. Alikuwa mtamu sana, hasa paja.