Nimekata Mpaka Hapa

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mdogo wa wafuma sufu huko Uingereza, enzi za babu wa babu zetu, palikuwa na jamaa ya waumini waliopenda kusoma kuliko kula. Kitabu siku hizo kilikuwa ghali, mtu wa hali ya kawaida hakukimudu peke yake. Basi walichanga wakanunua kimoja kwa wote, kikazunguka nyumba hadi nyumba, na siku ya kukutana kila aliyekisoma alisimama mbele ya wenzake akasema amekionaje. Hiyo ndiyo iliyokuwa karamu yao, na chai juu yake.

Mtunza vitabu wao alikuwa Bi Tabitha, mjane mwoka mikate, mcha Mungu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Watu wakibishana walikuwa wakisema, "Twendeni kwa Dada Tabitha," na hapo maneno yakaisha.

Mchungaji wa jamaa ile, mzee Silas, hakuwa na mfano kwa kuwatembelea wagonjwa. Aliingia nyumba yenye homa, akaketi, akaushika mkono wa mgonjwa bila kusema neno, na mgonjwa akatulia moyo. Lakini mzee huyu alikuwa na penzi lake jingine: alikuwa akiandika kitabu. Aliandika mpaka mvi zikamjaa, na habari aliyoiandika ni ya subira. Kilipochapwa kilikuwa kinene kama tofali, na sentensi zake, jamani, ukianza moja asubuhi waweza kuimaliza baada ya chakula cha mchana. Subira ya kukisoma, msomaji ilimpasa aje nayo kutoka nyumbani.

Hapa sina budi kuwaeleza jambo. Zamani hizo kitabu kilitoka kwa mchapaji karatasi zake zimekunjwa na kingo zimeshikana. Msomaji mwenyewe ndiye aliyezikata kwa kisu cha mfupa, jani baada ya jani, kadiri alivyosoma. Kwa hiyo kitabu kilikuwa shahidi asiyehongeka. Palipokatwa pamesomwa, na pasipokatwa hapajaonwa na jicho la mtu.

Kitabu cha mchungaji kilianzia kwa Bi Tabitha. Alikata majani ya mwanzo kwa furaha. Akakata mengine kwa adabu. Kisha usingizi ukamchukua, na unga nao ukamngoja, na wiki ikapita. Mwishowe alikata jani la mwisho tu, akalisoma, akakipeleka kitabu kwa jirani. Siku ya kukutana mzee Silas alimtazama kwa macho ya mtoto anayengoja sikukuu. Bi Tabitha, kwa kumhurumia, akasema, "Ni kitabu kizuri sana, Mchungaji. Hasa mwisho wake."

Uongo huo ulikuwa mdogo, tena wa huruma. Lakini uongo ni kama kuku wa jirani, ukimfungulia mmoja mlango huita wenzake. Aliyekisoma baada yake alisema kimemtoa machozi. Mwingine akasema amekisoma mara mbili. Ndugu Jethro, muuza mishumaa, akasimama akasema tangu akisome hajamgombeza mkewe, na mkewe akainamia kikombe chake.

Mzee Silas alifurahi mno. Mkutano uliofuata akatangaza, "Ndugu zangu, kwa kuwa Mungu amewapa faida kubwa hivi, nimeazimu kuandika kitabu cha pili, kinene kuliko hiki. Nimezeeka, siwezi kazi mbili. Kuanzia Pasaka nitaacha kuwatembelea wagonjwa. Aje kijana mwingine."

Watu wakapiga makofi, na nyuso zao zimepauka.

Kitabu kilipomaliza mzunguko kikarudi kwa Bi Tabitha, ili akikabidhi kwa mchungaji kama kumbukumbu. Asubuhi moja, mikate ikiwa tanuuni, akakifungua. Majani ya mwanzo yamekatwa. Jani la mwisho limekatwa. Katikati kote karatasi zimeshikana vilevile alivyoziacha yeye. Bi Tabitha aliketi juu ya gunia la unga, akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikamwisha, kwa sababu alikumbuka Pasaka.

Jirani yake Keziah aliingia kununua mkate, naye mumewe alikuwa kitandani mwaka mzima, hana mgeni ila mzee Silas. Alipoona kile kitabu alielewa upesi, maana naye alikuwa miongoni mwa waliotokwa machozi.

"Kata tu zote, dada," akanong'ona. "Kisu si hicho hapo? Nani atajua?"

"Na mumeo, Keziah? Baada ya Pasaka nani atakuja kumshika mkono?"

Bi Tabitha alikishika kisu, akakata jani moja. Akakirudisha mezani. Alimpenda mzee yule kama baba, akaona afadhali apoteze sifa yake mjini kuliko kumwacha azeekee ndani ya uongo wao. Lakini aliogopa, na tusimfiche: aliogopa hata mikate ikaungua.

Siku ilipofika alisimama, kitabu mkononi.

"Mchungaji, nilikudanganya. Nilisoma kurasa za mwanzo na ukurasa wa mwisho. Katikati sikupaona. Mimi ndiye niliyeanza, basi lawama ni yangu, usimuulize mwingine."

Akamkabidhi. Mzee Silas alipitisha kidole gumba kwenye kingo zile, taratibu, kutoka mbele hadi nyuma. Ndugu Jethro alikuwa anaitazama dari utadhani ameiagiza yeye.

"Nyote?" akauliza mzee.

Ndipo Mama Mchungaji, mkewe wa tangu ujana, akasema kutoka pembeni alikokuwa akifuma soksi, "Hata mimi, baba. Ulinisomea mwenyewe, nami nililala sura ya pili. Ulidhani nimefumba macho naomba."

Mzee akamgeukia mkewe. Mabega yakaanza kumtikisika, watu wakadhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na jamaa nzima ikacheka naye, machozi sasa yakiwa ya kweli.

"Lakini kwa nini?" akauliza alipopata pumzi. "Kwa nini mkasifu?"

"Tulikupenda wewe, Mchungaji," akasema Bi Tabitha. "Tukadhani ni lazima tupende na kitabu."

Mzee Silas alirudisha miwani machoni. Kisha akasema, "Mungu ashukuriwe. Miaka yote nilidhani mnanipenda kwa maneno yangu, nikaona niyaongeze." Akaagiza kisu. "Basi leo tukate pamoja. Panapochosha mniambie, nami nitastahimili. Si mimi niliyeandika habari za subira?"

Wakakata. Walisoma kwa sauti, wakipokezana, na panapochosha walisema panachosha, na mzee alitikisa kichwa akicheka. Katikati ya kitabu, ndani kabisa, walikuta ukurasa mmoja unaosema habari za kukaa na mgonjwa: kwamba humsubirii apone wala afe, bali unakaa tu, ili kungoja kwake kusiwe kwa upweke. Keziah ndiye aliyekuwa akisoma. Akaacha kusoma.

"Hapa, Mchungaji," akasema. "Hapa ni kweli. Mimi nimekuona ukifanya hivi."

Mzee yule aliyekuwa amemiminiwa sifa mwaka mzima akitabasamu tu, kwa sifa hiyo moja alilia. Kitabu cha pili hakukiandika. Asubuhi yake alikuwa kando ya kitanda cha mume wa Keziah, na Pasaka ikapita naye yupo palepale.

Inasemekana kuanzia hapo jamaa ile iliweka desturi. Kila aliyekipitisha kitabu alikiacha kisu cha mfupa ndani yake, mahali alipokomea, na siku ya kukutana neno lake la kwanza lilikuwa, "Nimekata mpaka hapa." Wengine kisu chao kilikuwa ukurasa wa kumi, na hakuna aliyewacheka.

Nasi, wapenzi, tunasifu mengi tusiyoyafungua, vitabu, na watu, na hata dini yetu wenyewe. Mola atujaalie ulimi wa Bi Tabitha, tukiulizwa tuseme tulipofika. Na aturuzuku siku nyingine ya kuendelea kukata.