Mgawa Maji Hulima Mkiani

Mgawa maji hulima mkiani. Ndivyo alivyoambiwa nahodha wenu jana, alipofungua mzigo wa jezi, akajichagulia yake kwanza, kisha akawatupia ninyi zilizobaki na kusema kwamba mgao ni fea. Mlicheka, mkauliza maji na jezi vinahusiana vipi. Basi kaeni mwambiwe methali hii ilikotoka. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna cha kuchekesha.

Enzi za mashamba makubwa ya mkonge, katika milima ya Upare, kulikuwa na kijiji kikiitwa Kwamshewa. Chemchemi yao ilikuwa ndogo. Ukiyaacha maji yake yatiririke ovyo, udongo uliyanywa njiani yasifike shamba lolote. Kwa hiyo wazee wa zamani walijenga ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo, wakawa wanayakinga humo usiku kucha. Asubuhi mlango wa ndiva ulifunguliwa, maji yakashuka mferejini kwa nguvu mpaka shamba la mwisho kabisa.

Alikuwapo mgawaji mmoja wa kusema leo zamu ya nani na kesho ya nani. Heshima yake ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na sharti. Ilikuwa lazima shamba lake liwe mkiani mwa mfereji, chini ya mashamba ya watu wote. Akipendelea, akizembea, akiacha mfereji uvuje, shamba la kwanza kukauka ni lake.

Nakunda aliolewa na mgawaji. Alipoonyeshwa shamba hilo la mwisho, bado bi harusi, alinuna. Alimuuliza mama mkwe wake kwa nini mtu anayeheshimiwa hivyo amepewa mahali pa watu wasio na bahati. Mama mkwe akamjibu, "Shamba hili likinywa, ujue wote wamekunywa." Nakunda alilima hapo mpaka akaanza kuota mvi, akalea watoto wake kwa mahindi na maharage ya mkiani.

Mumewe akafa. Matanga hayajaondolewa, mgawaji mwingine hajateuliwa, akapanda mlimani Bwana Wetheli, meneja wa shamba la mkonge kule bondeni. Mashine zake za kukwangua mkonge zilihitaji maji mengi. Alifuatana na mkalimani, Mwalimu Zefania, mtoto wa dada yake Nakunda, kijana aliyesoma na kukipenda Kiingereza kama wengine wanavyopenda asali.

Bwana Wetheli alisema maneno machache. Atalaza bomba kutoka mlangoni mwa ndiva. Maji ya usiku yatakuwa yake, ya mchana yatakuwa ya kijiji, nusu kwa nusu. Akamaliza kwa neno moja, akilisema huku ameweka mkono kifuani: fea.

"Anasema ni haki tupu," Zefania akatafsiri. "Hilo ni neno zito kwao. Mwingereza akishalitamka amejifunga."

Wazee walitazamana. Walijua vizuri kwamba maji yao ni yale ya usiku. Lakini mgawaji hayupo, mgeni ametaja haki mbele ya watu, na nani atasimama aseme anaikataa haki? Wakakubali wajaribu. Haya ndiyo yanayochoma moyo mpaka leo: watu wazima, wenye akili timamu, walinyamazishwa na neno zuri.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Usiku bomba lilifyonza ndiva yote. Mchana chemchemi ilitoa kijitiririko chake, kikafa kabla ya kupita mashamba matatu. Majirani wa juu walianza kuviziana na kuibiana maji, ndugu kwa ndugu. Mkiani halikufika hata tone. Nakunda alisimama katikati ya mahindi yake yaliyokuwa yanatoa mbelewele, akayaona yakijikunja majani, yakiwa meupe, yakisinyaa. Ndicho chakula alichokuwa nacho, na mbegu ya mwaka wa pili ilikuwa humo humo. Hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa huku anaambiwa ashukuru.

Siku chache baadaye ikapigwa baragumu ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Ndiva ilikuwa imejaa tope, na desturi ni kijiji kizima kuingia na majembe kulitoa. Safari hii baragumu haikupigwa na wazee. Bwana Wetheli ndiye aliyeagiza ipigwe. Alikuwa amesimama ukingoni na buti zake safi, akingoja watu wamsafishie maji anayokunywa yeye.

Watu walikuja, maana msaragambo haususwi. Nakunda naye alikuja, jembe begani. Hakushuka ndivani.

"Zefania mwanangu," alisema, "lile neno la Bwana maana yake ni nini?"

"Fea, mama mdogo? Ni haki. Nilisema."

"Haki tu?"

Zefania alisita, lakini mwalimu ni mwalimu. "Lina maana nyingi. Mtu mzuri wa uso huitwa fea. Mwenye ngozi nyeupe, fea. Mbingu zikitakata, fea. Kitu cha wastani, si kibaya wala si kizuri sana, nacho ni fea. Hata gulio la sikukuu huitwa hivyo, ingawa hilo nasikia lilitoka kwa Walatini. Hili letu hapo kale lilikuwa la uzuri tu, la kitu kinachopendeza macho. Haki iliingia baadaye."

"Ahsante. Umenieleza neno lilikotoka. Mimi nauliza maji yangu yamekwenda wapi."

Bwana Wetheli akauliza huyu mama anasema nini.

"Mwambie sigombani na neno lake," Nakunda alisema. "Liwe zuri, liwe jeupe, liwe la gulio, ni lake. Yeye ndiye aliyegawa, akasema nusu hizi ni sawa. Kama ni sawa, tubadilishane. Kuanzia leo achukue mchana, sisi tuchukue usiku."

Zefania alitafsiri, na safari hii hakuongeza pambo. Uso wa Bwana Wetheli ulibadilika rangi. Alisema haiwezekani. Maji ya mchana ni machache mno, mashine zitasimama.

Zefania aliligeuza jibu hilo kwa sauti ya chini, lakini kila mtu alilisikia. Hapakuhitajika kamusi tena.

"Kumbe anajua," akasema Nakunda. "Nilidhani hajui, nikamsamehe nusu. Hapa kwetu mgawa maji hulima mkiani. Marehemu mume wangu aligawa maji tangu ujana wake, na shamba lake lilikunywa la mwisho mpaka anaingia kaburini. Huyu amegawa, akakaa mlangoni, akanywa wa kwanza. Na sasa tumchotee tope?"

Akaliweka jembe begani akaondoka. Mzee mmoja akamfuata, kisha mwingine, kisha waliokuwa tayari ndani ya tope wakapanda wakinawa miguu. Zefania alibaki na Bwana wake kidogo, halafu naye akavua viatu vyake vya kazi ya ukalimani, akawafuata watu wake peku.

Hakuna aliyegusa ndiva. Kijiji kiliumia, tusidanganyane, njaa ilibisha hodi nyumba nyingi. Lakini tope lilipanda, bomba likaanza kufyonza matope, mashine za bondeni zikaziba na kusimama. Bwana Wetheli alileta vibarua wake, wakashindwa, kwa kuwa hawakujua kutoa tope bila kubomoa ukuta. Mwisho akapanda mlimani mwenyewe, bila mkono kifuani, akauliza wanataka nini.

Walitaka jambo moja. Bomba ling'olewe mlangoni, likafungwe mkiani, mbele ya mwisho wa shamba la Nakunda. Achukue yatakayopita hapo.

Alikubali kwa shingo upande. Baragumu ya msaragambo ikapigwa, ndiva ikasafishwa, maji ya usiku yakarudi kwa wenyewe. Mahindi ya Nakunda ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kufa na hayakufufuka. Aliomba mbegu kwa majirani, akapanda tena.

Msimu uliofuata, asubuhi moja, Bwana Wetheli alitokeza shambani kwa Nakunda akihema, kofia mkononi, Zefania nyuma yake. Alikuwa amewaka kwa hasira. Kuna mtu huko juu, alisema, ameacha mfereji wake ukivuja, anachukua zaidi ya zamu yake, na maji hayafiki chini. Huo ni uonevu. Haiwezekani watu wa juu wakajifikiria wao tu.

Nakunda alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akaokota jembe ili waende wote wakazibe.

"Mwambie Bwana karibu," alimwambia Zefania. "Sasa anaweza kutugawia."

Mgawa maji hulima mkiani.