Chafya Tano za Mbwa Mwitu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hapo zamani za kale palikuwa na kundi la mbwa mwitu. Mbwa hawa walikuwa na desturi yao. Hawakutoka kuwinda mpaka wapige chafya. Anayetaka kutoka hupiga chafya, chwe. Anayekubali humjibu, chwe. Chafya zikitosha, kundi linaondoka. Zisipotosha, wote wanalala tena.

Lakini Mama wa kundi akipiga moja tu, wote wima.

Kundi likaongezeka, likaongezeka. Swala mmoja, midomo ishirini na sita. Nyamizi, binti mkubwa wa Mama, akapata kwato. Mdogo wake Kabula akapata kulamba kwato.

Mama akawaita. "Wanangu, mmekua. Nendeni mkaanzishe kundi lenu."

"Mama, unatufukuza?" akauliza Nyamizi.

"Siwafukuzi. Mimi nami niliondoka kwa mama yangu. Ulidhani niliota hapa kama uyoga?"

Wakaenda. Tapu, tapu, tapu. Siku ya kwanza wakakamata swala. Hawajameza hata pande moja, Fisi huyo, na dada zake wanne.

"Asanteni kwa kutuandalia, wajukuu," akasema Fisi.

Wawili watafanya nini mbele ya watano? Wakaachia. Siku ya pili, vilevile.

Siku ya tatu, ng'ambo ya mto mkavu, wakakutana na ndugu watatu wa kiume. Nao walikuwa wametoka kwao. Mkubwa wao aliitwa Mhoja. Wakanusana, wakatikisa mikia.

"Tukae pamoja?"

"Tukae."

Asubuhi Nyamizi akapiga chafya, chwe. Akangoja wote wasimame, kama walivyomsimamia mama yake. Hakuna aliyesimama.

"Una mafua, dada?" akauliza Mhoja.

"Nimesema tutoke."

"Kwetu baba ndiye aliyesema. Sasa baba hayupo, nasema mimi." Akapiga yake, chwe. Nyamizi na Kabula hawakutikisa hata sikio.

Chwe huku. Chwe kule. Jua likapanda. Swala wakala majani, wakashiba, wakaenda zao.

Jioni Mhoja akasema, "Kesho tukishinda njaa tena, sisi tunakwenda zetu."

Nyamizi akajilaza kando ya Kabula. Alijua hao wakiondoka, kila watakachokamata wao wawili ni cha Fisi.

"Dada," akanong'ona Kabula, "wewe si Mama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungemjibu mwenzio."

Kulipokucha, swala walikuwa bondeni. Pua ikamwasha Nyamizi. Akajizuia. Mhoja akapiga chafya, chwe. Wote wakamtazama Nyamizi.

Chwe, akajibu Nyamizi.

Mhoja akashangaa. "Umekubali?"

"Umewaona swala, nami nimewaona. Nikatae nini?"

Chwe, Kabula. Chwe, chwe, wadogo zake Mhoja. Zikawa tano. Wakaondoka, tapu, tapu, tapu, puu. Swala chini.

Fisi akaja na dada zake, mate yanamtoka. Akakuta mbwa watano, bega kwa bega, meno nje.

"Juzi si mlikuwa wawili?"

"Tumeongezeka, bibi," akasema Nyamizi. "Siku nyingine karibu, ila uje umeshakula."

"Aa, mimi nilikuwa napita tu," akasema Fisi, akapita kweli.

Siku hiyo walikula, matumbo yakawa ngoma. Kesho yake Nyamizi alipiga chafya kwanza, na aliyetangulia kumjibu ni Mhoja. Mvua zilipofika, shimo lao lilijaa watoto.

Basi, wanangu, kuondoka nyumbani ukishakua si kufukuzwa. Na anayetaka kujenga nyumba mpya asianze kwa kutaka kutiiwa. Aanze kwa kuwasikiliza wenzake.

Hapa ndipo ninapoitua hadithi yangu. Aliyeisikia amsimulie aliyesinzia.